Ngozi Isiyorudisha Mwanga

Katika mji huu jua halituagi. Limekaa pale juu kama mgeni asiyeona kwamba chai imekwisha, na sisi tumechoka kulitazama. Asubuhi ni pale mtu yeyote anapochemsha maji. Jioni ni pale miguu inapovimba. Kwa hiyo siwezi kukuambia mambo haya yalitokea lini. Nitakuambia yalivyofuatana, basi. Mimi ni mama na nina kazi, na mtu mwenye mtoto na kazi hana nafasi ya kupotea ndani ya hadithi yake mwenyewe.

Kazi yangu ni kunyoa nguruwe.

Nilisoma chuo, nikapata diploma ya maabara, nikaletwa Nyumba ya Mwanga na kukabidhiwa wembe. Sikulalamika. Nguruwe huletwa akiwa amelazwa usingizi, na sikioni ana kibati kinachosema yeye ni nani. Namwosha kwa maji ya uvuguvugu, nampaka sabuni, namnyoa ubavu kwa kufuata vinyweleo vinakolalia, kwa sababu ukienda kinyume utaikwaruza ngozi, na ngozi iliyokwaruzwa husema uongo. Halafu mwenzangu Sikudhani huishusha taa mpaka karibu iguse, na Dakta Mhando, mkuu wetu, hutazama mshale wa kipimo cha mwanga. Sikudhani huvaa glavu juu ya glavu kwa ajili ya dini yake, na akimaliza hunawa mpaka sabuni inaomba radhi.

Kwa nini nguruwe? Kwa sababu, kati ya wanyama wote wanaokubali kulazwa mezani, ngozi yake ndiyo inayokaribia ya mtu. Tunamwuliza yeye maswali tunayoogopa kumwuliza mtu. Majibu yake hufundishwa mashine, mashine husambazwa kwenye milango yote ya mji, na huko milangoni mashine hukutana na watu na kuwaambia wao ni nani.

Nimekaa na mwanga muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, kwa hiyo niamini nikikueleza tabia zake. Mwanga wa buluu ni mgeni wa barazani. Hufika, akagusa ngozi kwa juu, akasema hodi, akaondoka kabla hujamletea kiti. Mwekundu ni yule mgeni anayepitiliza mpaka jikoni akafunua vyungu. Huingia ndani kabisa, na akishaingia hupotea njia. Nyama humsukuma huku, mafuta humsukuma kule, hugeuka, hujigonga, husahau alikuwa anakwenda wapi. Damu yenye pumzi humwachia apite. Damu iliyokosa pumzi humshika shati. Wengi hawatoki. Wachache hutokea karibu na pale walipoingilia, wamechoka, wamebadilika, na taa yetu huwa imekaa pale inawangoja kama polisi mlangoni mwa msiba. Hao waliotoka ndio Dakta huwaita ukweli.

"Mama Chausiku," huniambia, "mtu si nyama wala mifupa. Mtu ni mwanga unaorudi. Usiorudi haupo."

Hasemi kwa kiburi. Husema kama mtu aliyekula kiapo zamani na sasa hakumbuki alimwapia nani.

"Na ule usiorudi, Dakta, unakaa wapi?"

"Umepotea."

"Nyumbani kwangu kitu hakipotei. Kinakuwa mahali ambapo hamjatafuta."

Hucheka kidogo, akasema niendelee kunyoa. Naendelea.

Mwanga, nani alikupa ruhusa? Unaingia bila kuvua viatu. Unatoka na habari zangu. Ukiulizwa unasema hukuchukua kitu. Mimi nikiingia kwako nikafunua vyungu, utaniitaje?

Basi. Nilikuwa nasema juu ya madoa.

Wapo nguruwe wanaokuja na madoa meusi ubavuni. Taa ikishuka juu ya doa, mshale hulala. Mwanga umeingia, hakuna kilichorudi. Dakta husema, "Huyu anatuharibia kazi," na kwa desturi tuliyoikuta humu, mwenye doa hupelekwa jikoni kwa Kitunda. Kitunda ni mpishi wetu, mtu wa tumbo na maneno. Huja kuchungulia mlangoni na mwiko mkononi.

"Vipi leo, wanasayansi? Hata kadoa?"

"Toka, Kitunda."

"Kadoa kadogo tu, jamani. Maharage yamenishinda. Sikudhani, niombee dua."

"Nikuombee dua ya nguruwe? Huna adabu hata ya bahati mbaya!"

Doa likionekana tulishangilia. Sufuria ilibandikwa, nyama ikagawanywa, na sote isipokuwa Sikudhani tulikula mpaka vidole vikang'aa. Hakuna aliyeamua jambo baya. Kulikuwa na njaa, kulikuwa na desturi, vikakutana. Lakini matokeo yake ni haya, nayasema kama yalivyo: kila ngozi nyeusi iliyowahi kufika katika Nyumba ya Mwanga ilipitia tumboni mwetu kabla haijapewa muda wake chini ya taa. Na mashine zilizotoka humo kwenda milangoni hazikuwahi kufundishwa kwamba kuna ngozi ya namna hiyo duniani.

Na mimi nina binti anayeitwa Chausiku. Ni mweusi wa kaniki mpya, mweusi wa kung'aa, uzuri wa bibi yake mtupu. Ulimi wake ni mkali kuliko wembe wangu. Na kifua chake kilianza kufunga.

Kilianza kama mzaha. Aliacha wimbo katikati. Halafu akaacha sentensi katikati. Halafu nikaona mabega yake yanapanda na kushuka kama ya mtu anayebeba maji, na hakuwa amebeba kitu. Nikamshika mkono tukaenda kwenye Mlango wa Pumzi. Nyuma ya mlango huo imehifadhiwa hewa ya wale waliopungukiwa. Hauna bawabu. Una tundu la kidole, na ndani ya tundu kuna mwanga mwekundu. Mwanga huo ndio unaosema nani amepungukiwa na nani ametosha.

Chausiku akaingiza kidole.

"Ametosha," mlango ukasema.

"Hajatosha," nikasema. "Mtazame midomo."

"Sitazami midomo. Natazama kidole."

"Basi kitazame vizuri."

"Nimekitazama. Ametosha. Anayefuata."

"Mama," Chausiku akasema, akipumzika kila baada ya neno, "uambie... uje... tupande nao... ngazi."

Nikamvuta pembeni, nikamkalisha kivulini. Kivuli cha mji huu ni chembamba, kinamtosha mtoto mmoja. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu lililomwagiwa maji. Nilikuwa naijua sauti ya ule mlango. Ilikuwa sauti ya nyumba yetu, sauti ya mshale uliolala, imefundishwa kusema "ametosha" pale isipojua iseme nini. Ningeweza kukaa nikilaani. Nina dada zangu wanaoweza kulaani vizuri sana. Mimi niliinuka nikaenda kazini, na kwa kuwa mahali pote katika mji huu pako karibu ukiwa na hofu, nilifika kabla sijamaliza kufikiri. Nikafungua chupa ya glisirini tunamohifadhi vipande. Nikatoa ngozi ya mtoto wa nguruwe mweupe, iliyokwanguliwa mpaka ikawa kama ganda la kitunguu, unaiona mpaka upande wa pili. Nikarudi. Nikaizungusha kwenye kidole cha mwanangu kama kofia.

"Mama, kinanuka."

"Kila kitu kinanuka. Ingiza."

Mlango ulikitazama kidole. Kisha ukasema kwa sauti ya mtu aliyeonana na ndugu yake sokoni: "Aa! Huyu namjua. Nguruwe. Amepungukiwa sana. Haraka, aingie."

Ukafunguka. Hewa ya ndani ikatupiga usoni, baridi na tamu. Chausiku hakusogea.

"Siingii."

"Ingia."

"Siingii... nikiwa nguruwe. Wewe... ungeingia?"

"Mimi nimeshaingia kwingi nikiwa vingi. Ingia."

"Unasema mimi..."

"Sikusema mimi. Mlango ndio uliosema."

"Lakini wewe," akasema, akanitazama kwa macho yaliyokuwa na pumzi nyingi kuliko kifua chake, "ndiye uliyenivisha."

Nikamwekea mkono mgongoni, pale penye mifupa midogo. "Pumua kwanza," nikamwambia. "Ukishapumua utagombana na mimi mpaka uchoke." Nikamsukuma. Kwa nguvu, ndiyo. Mlango ukafungwa.

Wenye vyeo na vitabu hubishana ni nini hutangulia, kuwa hai au kuwa mtu. Mimi nimezaa, najua. Hutangulia pumzi. Jina huja baadaye, mashangazi wakiligombania kando ya kitanda. Lakini hakuna aliyeniambia mtoto afanye nini baina ya pumzi na jina, katika kile kipande ambacho tayari anapumua na bado hajulikani ni nani. Pengine sote tunaishi hapo. Pengine mji mzima huu umesimama katika kile kipande, ndiyo maana jua haliondoki, linasubiri mtu atuite. Nilikaa nje ya ukuta nikiwaza hayo, na mawazo yenyewe yalinichosha, kwa sababu mawazo ya mama hayana mgongo wa kuegemea. Nilitaka tu kusikia akikohoa.

Nikauzunguka ukuta mpaka kwenye mlango wa kutokea.

"Namtaka binti yangu," nikasema.

"Hakuna binti aliyeingia," mlango ukajibu. "Ameingia nguruwe, amepona, amepelekwa wanakopelekwa nguruwe."

Sikuuliza ni wapi. Ni mimi ninayewapokea.

Alikuwa ameketi juu ya meza yangu ya kazi, anachezesha miguu. Midomo yake imerudi rangi yake. Kibati kimefungwa kwa uzi kwenye sikio, pale pa hereni. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka polepole, bila kelele, kama cha mtoto anayelala.

"Mama," akasema, "nimeambiwa ninyolewe."

"Umeambiwa na nani?"

"Na hiki." Akakigonga kibati kwa ukucha. Hakutabasamu. Pumzi alikuwa nayo sasa, na alikuwa ameihifadhi yote kwa ajili ya kuninunia.

Sikudhani alikuwa amesimama na taa mkononi. "Ya Rabi. Mama Chausiku, huyu si...?"

"Ndiye."

Dakta Mhando akaja, akasoma kibati kwa kukisogeza karibu na miwani. Usoni hakutazama. "Nguruwe," akasema. "Mweusi mwili mzima. Doa tupu."

Neno hilo likamfikia Kitunda jikoni. Tukasikia mwiko umeangushwa, tukasikia nyayo, na kichwa chake kikajitokeza mlangoni, meno yote nje. "Nani amesema doa? Leo tumekumbukwa!"

"Shikamoo, mjomba," Chausiku akasema.

"Marahaba, mwanangu," Kitunda akaitika, maana mdomo wake ulikuwa umelelewa kabla ya tumbo lake. Halafu akaganda. Akamtazama Dakta, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Nguruwe gani anaamkia watu?"

"Aliyelelewa vizuri," nikasema.

Sikudhani akacheka, akajiziba mdomo kwa glavu, akakumbuka glavu ilikuwa wapi, akatema mate sinkini.

"Dakta," nikasema, "huyu ni mwanangu. Unamjua. Amekula ubuyu kwenye ofisi yako."

"Macho yangu yanamjua," Dakta akasema. Alivua miwani, na bila miwani alionekana kama mtu aliyeamshwa. "Lakini tulikubaliana humu kwamba macho hayahesabiki. Macho hupenda, macho huogopa, macho huhongwa. Ndiyo sababu tulileta taa. Nikimwachia huyu kwa macho yangu, kesho nitamwachia nani? Na nitamkataa nani? Kibati kinasema nguruwe. Mshale utalala. Mshale ukilala, desturi unaijua."

"Mimi sipiki huyu," Kitunda akasema. "Ameniamkia."

"Hakuna aliyekuambia upike. Nasema desturi."

"Basi desturi yako ipike wewe mwenyewe."

Waliendelea hivyo. Nilikuwa nawasikia kwa mbali. Dakta hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amejifunga kamba ili asianguke, na sasa kamba ilikuwa imemfunga. Na nilijua pia kwamba ningeweza kumnyakua mwanangu tukakimbia. Tukimbilie wapi? Kila mlango wa mji ungemtazama kidole na kusema ama ametosha, ama ni nguruwe. Angekosa hewa tena, maana vifua hurudia. Na mimi ningebaki kukwangua ngozi za wengine kumvisha, kidole baada ya kidole, mpaka asahau chake kilikuwa na rangi gani.

"Mweke chini ya taa," nikasema.

"Mshale utalala, Mama Chausiku."

"Ulale. Aliyelala huamshwa. Kila ngozi tunaipa muda gani?"

"Muda wa kawaida."

"Wa kawaida wa nani? Wa mweupe. Kwa yule mwanga unaingia na kutoka kama mtu aliyesahau mwavuli. Kwa huyu unaingia mbali. Ongeza muda."

"Tutapoteza siku nzima."

"Siku gani, Dakta? Tangu nije hapa jua halijachwa."

Akavaa miwani, akakigeuza kitufe cha muda mpaka kikafika pale ambapo hakuna kidole kilichowahi kukifikisha, pale penye vumbi. Sikudhani akaishusha taa. Chausiku akanyoosha mkono mwenyewe kabla sijamwambia. Mwanga mwekundu ukaanguka juu ya kidole chake, ukaingia.

Mshale ukalala.

Tukangoja. Niliutuma mwanga ule kwa moyo wangu, kama unavyomtuma mtoto dukani huku ukijua yule mtoto ni mpotevu. Nenda, nikauambia. Humo ndani utakutana na uji niliomlazimisha kula. Utakutana na nyimbo alizoziacha katikati. Kuna woga wa giza humo, ingawa hajawahi kuliona giza, bibi yake alimsimulia tu. Ukikutana na kinyongo chake juu yangu, cha ile ngozi, kipishe njia, nitakuja kuonana nacho mwenyewe. Usichukue kitu. Jigonge, geuka, potea kama unavyopotea siku zote, lakini kipande kimoja chako, kimoja tu, kikumbuke mlango kilioingilia. Sikuombi uje na habari zake. Njoo useme tu kwamba ulikuta mwenyeji.

Maji ya sufuria ya Kitunda yalianza kuchemka peke yake huko jikoni, bila kitu ndani. Hakuna aliyekwenda kuepua. Sikudhani alibadilisha mkono wa kushikia taa. Chausiku alipiga chafya, akaomba radhi, Kitunda akasema "afya", na mshale ulikuwa bado umelala, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliacha kuutazama nikatazama kidole chenyewe. Kwenye ukingo, karibu na ukucha, niliona wekundu mdogo unapumua. Unakoza, unafifia. Unakoza.

"Kuna kitu," Dakta akasema.

Mshale ulikuwa umeinua kichwa. Haukuruka kama unavyoruka kwa weupe. Uliinuka kama mtu mzima anavyoinuka mkekani, mkono huu, goti lile, kisha ukasimama.

"Umechelewa," nikauambia mwanga ule. "Lakini umerudi."

Dakta aliusoma mshale kwa muda mrefu. "Damu ya mtu hii," akasema. "Ina pumzi, lakini si nyingi kama mlango utakavyosema. Kumbe kabla ya kupewa hewa alikuwa na hali mbaya." Akasogea karibu, na safari hii alimtazama Chausiku usoni, kwa haya, kama mtu anayeulizia njia katika mtaa wake mwenyewe. "Lakini uliorudi ni kidogo sana, mama. Mwingine wote umekwenda wapi?"

"Ninao," Chausiku akasema. "Siurudishi."

Nikachukua wembe wangu, nikaukata uzi sikioni mwake, kibati kikaanguka mezani kikalia mara moja. Nikamwambia Kitunda kwamba kuanzia sasa mwenye doa hapiti jikoni kabla hajalala chini ya taa kwa muda wake. Akaguna kwamba ataishi kwa maharage, akaenda kuepua maji. Dakta hakukirudisha kitufe nyuma. Alikiacha palepale, akawa analifuta vumbi la kidole chake kwenye koti.

"Vaa viatu," nikamwambia mwanangu. "Twende."

Akavaa. Nje jua lilikuwa pale pale. Nikamnyooshea mkono, hakuushika. Akatangulia. Nikamfuata hatua chache nyuma, sikumwita, nikisikiliza pumzi yake ikitoka na kurudi.